Kitabu cha Wageni cha Nyabisaka

Evaristi alikuwa na kazi ambayo watu wa Nyarukoko, huko Kibondo, hawakuiheshimu hata siku moja: aliajiriwa kusema karibu. Wenzake pale kituo cha umeme cha Nyabisaka walishika spana, walipaka grisi, walipanda nguzo. Yeye alivaa shati jeupe, akasimama mlangoni pa nyumba ya wageni, akasema karibuni. Jioni akirudi na mikono misafi, majirani walimtania kwamba leo tena kachosha ulimi. Aliwajibu kuwa ulimi nao ni kiungo, na usipoangaliwa unapata kutu. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na minane, toka themanini na moja mpaka kituo kilipofungwa mwaka tisini na tisa, na tuseme ukweli, hakuna kitu alichokipenda hivyo kabla yake wala baada yake.

Nyumba ya wageni ilijengwa na wafadhili wale wale waliojenga bwawa. Walitaka watu waje waone umeme unavyotoka kwenye maji. Ndani kulikuwa na mabenchi, mfano wa mto uliofinyangwa kwa plasta, ubao wenye balbu ndogo zilizowaka ukibonyeza kitufe, na dirisha kubwa la kioo la kutazamia chumba cha mashine kule chini. Mezani palikuwa na kitabu cha wageni, kikubwa, cha jalada gumu la bluu. Kilikuwa kitabu kimoja chenye pande mbili. Kwa mbele waliandikwa raia. Ukikigeuza kichwa chini ukakifungua kwa nyuma, huko waliandikwa wageni wa kutoka nje ya nchi. Meneja aliagiza hivyo ili karatasi zisipotee bure.

Raia walitazama mashine kupitia kioo, wakashukuriwa, wakaenda zao. Wageni wa nje walishushwa ngazi hadi kwenye mashine yenyewe, na wakipanda juu walikuta Fanta na mkate. Haki haikuwapo hapo, lakini ndivyo utaratibu ulivyokuwa, na Evaristi hakuutunga yeye.

Alikuwa na desturi moja ya kwake. Raia walipofika, hakuwapa kalamu. Aliwauliza majina na kuyaandika mwenyewe, kwa mwandiko wake wa duara aliofundishwa na mapadri. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na hao wa kwake walikaa saa moja tu, basi angewapaje kazi mlangoni? Wageni wa nje ndio waliotakiwa kutia sahihi zao, kwa kuwa meneja alisema sahihi zinapelekwa kwa wafadhili.

Mwaka themanini na saba ilikuja kwaya ya Kagerankanda, watu ishirini na wawili, wametoka huko Kasulu kuja kuimba kwenye kipaimara. Wenzake walipotoka nje kula mihogo yao, msichana mmoja alibaki amebandika paji la uso kwenye kioo. Alikuwa na miaka kumi na minane, yatima, amelelewa na shangazi, na jina lake Immakulata.

"Kaka," alimuuliza, "kule chini kukoje?"

Evaristi alikuwa na jibu la kila swali la mgeni, toka kina cha bwawa mpaka uzito wa mashine. Hilo lilimshinda. Akasema kule chini kuna joto na kelele, na msichana akamtazama kama mtu aliyepewa maganda akaambiwa hiyo ndiyo ndizi. Miezi minne baadaye Evaristi alipeleka posa Kagerankanda.

Mwaka uliofuata, kabla ya harusi, walikuja mafundi wa maji kutoka Burundi, kumi na wawili. Immakulata alikuwa kwa dada yake Evaristi hapo Nyarukoko, anazoeshwa ukwe. Evaristi akamtuma mtu amwite haraka, avae kitenge kizuri, asiseme neno. Akamwandika wa kumi na tatu. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, na wale mafundi walidhani binti ametumwa na ofisi nyingine ya kwao, wakampisha ngazi. Immakulata akashuka. Akasimama mbele ya mashine, akaweka kiganja kwenye chuma, akakiacha pale mpaka alipoambiwa atoke. Juu alikunywa Fanta yake, akapewa kalamu kama wageni wote wa nje, na mkono wake mwenyewe ukaandika kwenye nafasi ya maoni: "Inapumua kama ng'ombe aliyelala. Asante kwa soda." Akatia sahihi.

Hiyo ndiyo ilikuwa hadithi yao. Watu wengine wana picha za harusi. Hawa walikuwa na ile hadithi. Immakulata aliisimulia kwenye mavuno, kwenye ubatizo wa watoto wa wenzake, hata matangani watu walipochoka kulia. "Siku ile nilipokuwa Mrundi," ndivyo alivyoianza, na watu walicheka kabla hajafika kwenye soda. Wao wenyewe walizaa watoto wawili na kuwazika wawili, nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Huenda ndiyo maana hadithi ile ilitunzwa hivyo.

Mwaka elfu mbili na kumi na tatu likaja tangazo la wahamiaji. Asiye raia aondoke kwa hiari yake, na asiyeondoka ataondolewa. Kila kijiji kikaunda kamati ya kuwatambua. Pale Nyarukoko karatasi zilishikwa na Brighton, mtendaji wa kijiji, kijana wa Njombe mwenye adabu zote, aliyekuwa bado anauliza ugali wa muhogo unaliwaje. Akawauliza wajumbe mmoja mmoja kama wanamjua yeyote mwenye mashaka. Melkiadi, jirani yao wa miaka yote, ambaye mama yake mzazi alivuka mpaka akiwa na mimba yake tumboni, alitokwa jasho. Na mtu anayetokwa jasho husema lolote lililo karibu na mdomo.

"Immakulata wa Evaristi," alisema. "Mwenyewe husema aliandikwa Mrundi."

Wengine wakacheka, kwa mazoea. Brighton hakucheka, kwa sababu hakuijua hadithi. Akaandika.

Immakulata akapewa siku tano kuleta uthibitisho. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho. Nani alikuwa nacho Kagerankanda mwaka sitini na tisa? Evaristi alipanda pikipiki mpaka Kasulu, na kutoka Kasulu mpaka Kagerankanda. Shangazi alishakufa, nyumba imeanguka, mahali pake pameota mahindi ya mtu mwingine. Alipata wazee wawili waliomkumbuka msichana wa kwaya. Walimpa kiti, walimpa togwa, wakazungumza vizuri. Alipotoa karatasi ili waweke dole gumba, mmoja akakumbuka ng'ombe wake. Wa pili alimwambia wazi: "Shemeji, juma lililopita aliyemtolea mwenzake ushahidi aliambiwa na yeye anaficha wahamiaji. Nitasali." Evaristi alirudi na hasira, na ilikuwa zaidi ya hasira; ilikuwa hofu.

Zilikuwa zimebaki siku mbili. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba kwaya ile iliandikwa. Kwa mbele, upande wa raia: jina la mkewe, jina la baba yake, Kagerankanda. Kitabu kile kilijaa mwaka themanini na nane, kikafungiwa kwenye kabati la chuma katika chumba cha nyuma.

"Na kama kimeliwa na mchwa?" Immakulata aliuliza asubuhi ile, akimfungia viazi vitamu kwenye kitambaa.

"Mchwa hawali chuma."

"Na ule upande mwingine?"

Evaristi alichukua panga, kiberiti na kitambaa cha viazi, akapanda njia ya Nyabisaka.

Hakuwa amekanyaga huko kwa miaka kumi na minne. Barabara ya magari ilikuwa imebaki njia ya mbuzi. Bwawa lilijaa tope zamani, ndilo lililoua kituo, na sasa kule juu yalisimama mafunjo na watu walikuwa wamelima matuta ya viazi. Nyumba ya wageni alikaribia kuipita. Bati zote zilikuwa zimekwenda, milango imekwenda na fremu zake, na mwanzi ulikuwa umeingia ukumbini kwa dirisha lile lile walilotazamia watu mashine. Kioo kilivunjwa, vipande vikazolewa. Kule chini, mashine ilikuwa imekatwa ikauzwa chuma chakavu. Palibaki shimo la mraba lenye maji ya mvua na vyura.

Alipita polepole. Mabenchi hayakuwapo. Ubao wa balbu ulikuwapo, bila balbu hata moja, na kile kitufe chekundu bado kimekaa mahali pake. Evaristi alikibonyeza. Alijua ni upuuzi, akakibonyeza mara ya pili. Mfano wa mto ulikuwa umevunjika katikati, na kwenye kile kibonde kilichokuwa bwawa mbuzi walikuwa wameacha mavi yao. Hapo ulimi wake ukaanza wenyewe, bila ruhusa yake.

"Karibuni Nyabisaka. Maji mnayoyasikia hapo nje yanaanguka mita thelathini na moja."

Akatega sikio. Hakuna maji yaliyosikika. Palikuwa na mlio mwingine, wa chini, mzito, unatoka chumba cha nyuma. Evaristi alifunika uso kwa mikono akalia, mtu mzima peke yake kwenye gofu, kisha akapangusa macho na kwenda kuutazama huo mlio.

Walikuwa nyuki. Wezi waliobeba bati, vioo na hata vigae vya choo hawakuligusa lile kabati, na sasa alijua kwa nini. Nyuki walikuwa wamejaa ndani, wanaingia na kutoka kwenye tundu la kitasa. Hakuna mtu wa Kibondo asiyejua kukaa na nyuki. Akakusanya majani makavu na mavi ya mbuzi, akayafunga kwenye kile kitambaa cha viazi, akawasha, akapuliza moshi taratibu kwenye tundu. Alisubiri. Akaibana bawaba kwa panga mpaka ikakatika, akafungua. Walimchoma shingoni, mkononi na kwenye kope, na hakuacha. Masega yalishuka kutoka rafu ya juu mpaka ya pili. Rafu ya chini, chini ya nta iliyodondoka, kilikuwapo kitabu cha bluu.

Alikitoa nje kwenye mwanga pamoja na kile kitambaa cha moshi, akaketi kizingitini pake pa zamani, jicho moja linavimba. Akafungua kwa mbele. Mwandiko wake wa duara ulikuwa pale, mzima, shule na vikundi na wazee wa vijiji. Alikwenda mpaka karatasi ya mwisho ya upande wa raia, kwa maana baada ya kwaya raia walihamia kitabu kipya. Waliandikwa wote ishirini na wawili. Wa kumi na saba: Immakulata binti Pasikali, Kagerankanda, Kasulu.

Furaha ilimpanda ghafla hata akacheka. Ndipo akaigeuza karatasi, na kicheko kikakatika. Zile pande mbili zilikuwa zimekutana. Nyuma ya karatasi ile ile, kichwa chini, walikuwapo mafundi wa maji kumi na wawili, na wa kumi na tatu Immakulata binti Pasikali, Burundi. Inapumua kama ng'ombe aliyelala. Asante kwa soda. Na sahihi yake, yenye mkia mrefu kama ya mtoto anayejifunza.

Kitambaa bado kilikuwa kinafuka miguuni pake. Angeweza kuichana karatasi na kuitia pale, na uongo ungekwisha. Ukweli nao ungekwisha, maana usingekuwapo mahali pengine popote duniani. Angeweza kukirudisha kitabu kwa nyuki. Aliwaza hivyo muda mrefu. Lakini Evaristi alikuwa ameishi miaka kumi na minane akiamini jambo moja, kwamba mtu yeyote ukimweleza vizuri ataelewa. Alishawaelewesha bibi vizee wasiojua kusoma jinsi moto unavyosafiri ndani ya waya. Atashindwaje kumwelewesha kijana mmoja wa Njombe habari ya soda? Akaukanyaga moto ukazima, akakichukua kitabu kwapani.

Kamati ilikaa kesho yake mbele ya ofisi ya kijiji, watu watano kwenye benchi na Brighton kwenye meza. Evaristi alisimama wima, uso umevimba, akaeleza. Alieleza vizuri kuliko siku zote za maisha yake. Alianzia kwenye kwaya, akaja kwenye kioo, akaja kwenye ngazi. Wajumbe wawili walitabasamu. Brighton alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatisha.

"Mzee Evaristi, mwandiko wa huku mbele ni wa nani?"

"Wangu."

"Mama hakuandika mwenyewe?"

"Mgeni hapewi kazi mlangoni, mwanangu."

"Na huku nyuma?"

"Jina niliandika mimi. Maoni na sahihi ni mkono wake."

Brighton aliigeuza karatasi mbele, akaigeuza nyuma. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo liliuma. "Kwa hiyo unaniambia uliandika uongo kwenye kitabu cha kituo."

"Ndiyo. Huo mmoja."

"Nitajuaje ni huo? Mzee wangu, kama uliweza kudanganya huku, nitajuaje hukudanganya kule? Kule hakuna hata alama ya mkono wake. Aliposhika kalamu yeye mwenyewe, alishika upande wa Burundi."

Evaristi alifungua mdomo. Kwa mara ya pili katika maisha yake alikosa jibu la swali la mgeni. Alimtazama Melkiadi, na Melkiadi alitazama viatu vyake, ambavyo havikuwa na jambo lolote geni. Alitamani kumrukia. Alijua pia kwamba hata akimrukia, karatasi haitabadilika.

Immakulata, aliyekuwa ameketi chini na miguu ameinyoosha, aliomba kusema. "Niulize Kagerankanda, mwanangu. Niulize kisima kiko wapi, niulize nani alikuwa mwalimu wa kwaya. Nitakueleza mpaka jua lizame."

Brighton alishusha kalamu. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika Kagerankanda. Angeambiwa huko kuna bahari asingekuwa na la kubisha. "Mama, mimi sina wa kunihakikishia," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi. Akaandika mstari mmoja, akakifunga kile kitabu cha bluu na kukiweka juu ya karatasi zake ili upepo usizipeperushe.

Lori lilikuja Jumamosi asubuhi, likasimama kwenye uwanja wa mpira. Immakulata alikuwa ameamka mapema akafagia nyuma ya nyumba, kule migombani, akazungumza na wanawe maneno ambayo Evaristi, kwa heshima, hakuyasikiliza. Alibeba sufuria, godoro na jembe. Evaristi alibeba vingine. Watu walidhani anamsindikiza.

Uwanjani kulikuwa na watu kama arobaini, na karani mmoja tu aliyetoka wilayani, amekaa kwenye kiti cha shule na daftari magotini. Lilikuwa limepigwa mistari kwa rula: jina, umri, atokako, sahihi. Watu wengi hawakujua kuandika, jua lilikuwa linapanda, na karani alishachoka kuuliza kila jina linaendelezwaje. Aliinua macho akamwona mzee mwenye shati jeupe.

"Mzee, unajua kusoma na kuandika?"

"Ego. Najua."

"Nisaidie, tafadhali, tutakesha hapa."

Evaristi aliweka chini mzigo, akachukua daftari na kalamu. Aliandika mama mmoja na watoto watatu. Aliandika mzee kipofu. Hakumpa mtu kalamu mpaka kwenye sahihi, na alimuuliza kila mmoja jina lake kwa upole, akainama kidogo kumsikia, kama zamani. Mkono wake ulikuwa imara. Zamu ya mkewe ilipofika, aliandika Immakulata binti Pasikali, miaka arobaini na minne. Kwenye nafasi ya tatu kalamu ilisimama. Karani alikuwa anamtazama, na karatasi ya Brighton ilikuwa mkononi mwake. Evaristi akaandika Burundi. Kisha, bila kumtazama mtu, akateremka mstari wa chini yake akaandika jina lake mwenyewe, miaka hamsini na mitatu, Burundi, akatia sahihi.

"Mzee, wewe jina lako halimo humu," karani alisema.

"Sasa limo."

Karani alisoma, akamtazama, akatazama lori na foleni iliyobaki. Akamwacha apande. Waliodai kuteremshwa walimpa kazi ya kutosha. Waliopanda kwa kupenda wenyewe hakuwa na fomu yao.

Walipanda. Evaristi alimpangia mkewe godoro kwenye kona ili ubao usimuumize mgongo, akaketi kando yake. Kope lake lilikuwa bado limevimba. Immakulata alimwangalia jicho lile, akalowanisha ncha ya kitenge kwa mate, akalipangusa. Alikuwa hajalia toka asubuhi, na hakulia hapo.

"Mara hii ya pili unaniandika Mrundi," alisema. "Soda yangu iko wapi?"

Wale waliokuwa karibu hawakucheka, kwa kuwa hawakuijua hadithi. Lori likawaka, na Immakulata akaanza kuwasimulia.